Mwalimu, nimekariri nyakati zote 12, mbona nikiandika najikwaa?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo hapa Moshi. Kidato cha nne nilipata C ya Kiingereza. Nimenunua kitabu cha mazoezi, jedwali la nyakati 12 nimelikariri, na nikijaza nafasi zilizoachwa wazi napata 8 au 9 kati ya 10. Lakini nikikaa kuwaandikia wageni barua pepe, kila kitu kinavurugika. Wiki iliyopita niliandika hivi: 'We have received your email yesterday. Your room has prepared. When you will reach the airport, our driver will wait you. We have few rooms with mountain view. Please send us more informations about your flight.' Mgeni akajibu akiuliza kama hoteli imejaa, na mimi nilitaka kumwambia kwamba vyumba vipo! Bosi amesema nisiwaandikie tena wageni mpaka nijifunze. Nyakati, kauli ya kutendwa, na haya maneno ya wingi kama 'few' na 'much' ndiyo yanayonishinda. Nifanye mazoezi gani?"

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya sarufi nataka ujue jambo moja. Nimefundisha watu wazima Kiingereza kwa miaka 19, na makosa haya uliyoyafanya nayaona kila wiki: kwa wauguzi, kwa madereva wa watalii, kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Hayatokani na uvivu wala uzito wa kichwa. Karibu yote yana chanzo kimoja. Ulitunga kichwani sentensi nzuri za Kiswahili, kisha ukazihamisha kiambishi kwa kiambishi. Kosa ambalo chanzo chake kinajulikana linatibika.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo 8 na 9 zako. Kwenye zoezi la kujaza nafasi, neno "yesterday" limewekwa pale mwisho wa sentensi ili likuonyeshe jibu. Ukiliona, mkono wako unaandika wakati uliopita. Hapo hukuchagua wakati, ulitambua kidokezo tu. Mgeni anayeandika kutoka mbali hakuwekei kidokezo, na wewe ukiwa mbele ya karatasi tupu inabidi uanzie kwenye maana: jambo hili limekwisha, au bado lina uzito sasa? Ni la kila siku, au ni la dakika hii? Hicho ndicho kitendo ambacho hujawahi kukizoeza, na ndiyo maana kinakushinda.

Wapo watakaokuambia dawa ni "kufikiri kwa Kiingereza". Sikubaliani nao, angalau kwa hatua uliyopo. Huwezi kufikiri kwa lugha ambayo bado hujaimiliki. Ninachokuomba ufanye ni kukitumia Kiswahili chako kama kipimo, kwa sababu Kiswahili tayari kinatenganisha mambo mengi ambayo Kiingereza kinayatenganisha. Tatizo ni kwamba hakitenganishi kila mahali palepale.

Tuanze na -me-, maana ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Shuleni tuliambiwa -li- ni wakati uliopita na -me- ni wakati timilifu, yaani "have" na umbo la tatu la kitenzi (kama "written" katika "write, wrote, written"). Lakini sikiliza watu wanavyoongea: "Nimemwona jana", "Nimefika juzi". Kwenye mazungumzo -me- imevuka mpaka na kuingia eneo la -li-, na hakuna anayeshtuka. Ndipo ulipoandika "We have received your email yesterday." Ulitafsiri "tumepokea" vizuri kabisa, ila Kiingereza hakikubali umbo hilo likae pamoja na saa au siku iliyokwisha kupita. Ilipaswa kuwa "We received your email yesterday", au "We have received your email" bila "yesterday".

Kipimo chake ni hiki: kanusha sentensi. Ukikanusha, Kiswahili huwa kikali sana. "Hajafika" na "hakufika" ni vitu viwili tofauti, na hata mtoto wa darasa la pili hawachanganyi. "Hajafika" bado unamngoja; "hakufika" habari yake imefungwa. Basi chukua "nimemwona jana" uikanushe. "Sijamwona jana" inagoma mdomoni. Utasema "sikumwona jana". Ikija -ku-, andika wakati uliopita wa kawaida: "I saw him yesterday." Ikija -ja-, andika "have" au "has": "Mgeni amefika" kinyume chake ni "hajafika", kwa hiyo "The guest has arrived." Ndivyo ilivyo pia kwa -wahi: "umewahi kupanda mlima?" ni "Have you ever climbed the mountain?" na "sijawahi" ni "I have never". Tumia kipimo hiki kwa wiki moja na utashangaa jinsi -ja- inavyokuongoza.

Kina mahali kinapofeli, na ni lazima nikuonyeshe. Kuna -me- ambazo hazisemi tendo, zinasema hali mtu aliyo nayo sasa. Nimechoka. Nimeshiba. Amelala. Amekaa. Amekasirika. Amevaa kofia nyekundu. Nimepotea. Hapa Kiingereza hakitaki "have", kinataka "be": "I am tired", "I am full", "He is asleep", "She is sitting", "He is angry", "She is wearing a red hat", "I am lost." Mgeni akiuliza alipo mwenzake nawe ukajibu "He has slept", ataelewa kwamba mwenzake alipata usingizi na pengine ameshaamka. Kwa hiyo kabla ya kukanusha jiulize: nasema alichokifanya, au nasema jinsi alivyo? Ikiwa ni jinsi alivyo, nenda kwenye "is" na "are". Kuna pia kinyume chake, pale Kiswahili kinapotumia -na- na Kiingereza kinataka "have": "Nafanya kazi hapa tangu 2021" ni "I have worked here since 2021." Ukiandika "I am working here since 2021" utaeleweka, ila ni kosa. Neno "tangu", au "kwa miaka mitatu sasa", likiwa kwenye sentensi ambayo jambo lake bado linaendelea, litakupeleka kwenye "have".

Sasa -na- yenyewe. "Anapika" yaweza kuwa yuko jikoni saa hizi, yaweza kuwa ni kazi yake ya kila siku. Kiingereza kinalazimisha uchague. Jaribu kuweka hu-: ikiwa "hupika" haiharibu maana yako, andika "She cooks." Ikiwa unaweza kuchomeka "sasa hivi" bila tatizo, andika "She is cooking." Na angalia, hu- haijali nafsi: mimi hupika, yeye hupika, wao hupika. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya ile "s" ya nafsi ya tatu kutuponyoka, maana mazoea yetu ni kumtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, si kukigusa mkiani. Kila ukiandika "he", "she" au jina la mtu mmoja kwenye jambo la kawaida, rudi uangalie mkia.

Kuna vitenzi visivyopenda "-ing" hata kidogo: "know", "want", "need", "like", "understand", na "have" ikiwa na maana ya kuwa na kitu. Mapokezini hili ni kubwa. "Are you having a booking?" nimelisikia katika hoteli nyingi za kwetu. Sema "Do you have a booking?"

Kosa lako la tatu, "When you will reach", limetoka kwenye neno zuri la Kiswahili: "utakapofika". Ndani yake mna -taka- ya wakati ujao, nawe ukaona uaminifu ni kuitafsiri. Kiingereza hakiweki "will" kwenye kipande kinachoanza na "when", "before", "after", "until" au "as soon as", pale kinapotaja wakati ambao jambo litatokea. Kabla ya kutafsiri, geuza "utakapofika" iwe "ukifika". Kiambishi -ki- hakina wakati ujao ndani yake, kwa hiyo kitakupa "When you arrive" moja kwa moja. Sehemu ya pili ya sentensi ndiyo inayobeba "will": "When you arrive at the airport, our driver will be waiting for you." Umeona na "waiting for"? Sisi tunamsubiri mtu bila kihusishi, wao wanataka "for" katikati.

Kauli ya kutendwa nayo inahitaji nafasi yake, na hapa nina furaha kukuambia kwamba Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza.

Uliandika "Your room has prepared". Kichwani ulikuwa na "chumba chako kimeandaliwa". Ulitafsiri ki-, ukatafsiri -me-, ukaandika kitenzi, lakini herufi moja ikadondoka: ile w. Kwetu sisi w ni kiherufi kidogo kabla ya irabu ya mwisho, ni rahisi kuisahau. Kwa Kiingereza hiyo w inageuka kuwa vitu viwili: kitenzi "be", na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Tena alama yote ya wakati inakaa ndani ya "be". Umbo la tatu halisogei hata kidogo. Soma mfululizo huu kwa sauti:

chumba huandaliwa: "the room is prepared"
chumba kinaandaliwa: "the room is being prepared"
chumba kiliandaliwa: "the room was prepared"
chumba kilikuwa kinaandaliwa: "the room was being prepared"
chumba kimeandaliwa: "the room has been prepared"
chumba kitaandaliwa: "the room will be prepared"
chumba lazima kiandaliwe: "the room must be prepared"

Mistari saba. Kila siku chukua kitenzi kimoja cha kazini kwako, "clean", "book", "pay", "take", "write", ukipitishe kwenye mistari hiyo saba kwa mdomo, ukiwa unapanga funguo au unasubiri daladala. Haihitaji daftari. Baada ya wiki mbili "has been" itakuja yenyewe pale unaposikia -me- na -wa kichwani.

Umbo la tatu ndilo pekee ninalokuruhusu kulikariri kwa jedwali. Hapo kitabu chako cha kujaza nafasi kina faida ya kweli, kwa sababu "written", "taken", "broken" hazina mantiki ya kuzigundua. Nazo huwezi kuzikwepa: vitenzi vinavyotumika kuliko vyote katika Kiingereza, "be", "have", "do", "say", "get", "make", "go", "know", "take", "see", vyote havifuati kanuni ya "-ed". Jifunze vitano kwa siku, virudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, na mpaka leo walimu tunalitegemea funzo lake kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko marudio yaliyorundikwa usiku mmoja.

Nimesema Kiswahili ni tajiri zaidi. Tazama: "umeme umekatika" na "umeme umekatwa". Wa kwanza umekatika tu, hatumtaji mtu. Wa pili kuna aliyeukata. Kiingereza hakina kiambishi cha -ika, kwa hiyo lazima utafute njia kitenzi kwa kitenzi. "Umekatika" ni "The power has gone out." "Umekatwa" ni "The power has been cut off", na mgeni akisikia hivyo anaweza kudhani hoteli haijalipa bili. "Kikombe kimevunjika" ni "The cup is broken" ukimwonyesha vipande, au "The cup broke" ukisimulia. "Kimevunjwa" ndiyo "has been broken". "Mlango ulifunguka" ni "The door opened", na "ulifunguliwa" ni "The door was opened". Kanuni yangu ni fupi: kama hakuna w katika Kiswahili chako, usikimbilie "be" na umbo la tatu mpaka umejiuliza mara mbili. Kanuni hiyo hiyo inakuokoa na "The accident was happened". Ajali ilitokea. Hakuna w. "The accident happened."

Tofauti nyingine inahusu nani anakuwa mbele ya sentensi. Sisi tunaweza kumweka mbele mtu aliyepatwa na jambo: nimeibiwa simu, nimenyeshewa, nimefiwa. Ukihamisha "nimeibiwa simu" unapata "I have been stolen my phone", na maana yake inakuwa kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyeibwa. Kwa Kiingereza kinachoibwa ni kitu: "My phone has been stolen." Mtu ana kitenzi chake, "rob": "I have been robbed." Vitenzi vya kupewa, kuambiwa, kuonyeshwa na kutumiwa vinaenda sawa na vyetu, "I was given a key", "I was told", "I was shown the room". Lakini "nilielezwa" usiseme "I was explained". Sema "It was explained to me", au kwa urahisi zaidi tumia "I was told".

Lile neno "na" baada ya w kwa kawaida ni "by": "kimesafishwa na Rehema" ni "cleaned by Rehema". Chombo tunakitaja kwa "kwa", nao wanakitaja kwa "with": "kimesafishwa kwa sabuni", "cleaned with soap". Jihadhari na ndoa. "Ameolewa na Juma" ni "She is married to Juma." Ukiandika "She was married by Juma", msomaji atafikiri Juma ndiye sheikhe au padri aliyefungisha. Na tena Kiingereza hakitofautishi kuoa na kuolewa; "married" inawatosha wote wawili.

Tuje kwenye wingi, ambako ndiko ulikopoteza mgeni.

Kwetu "-ingi" inafuata ngeli: watu wengi, maji mengi, chumvi nyingi, vitabu vingi. Kiingereza hakina habari na ngeli. Kinauliza swali moja tu: kitu hiki unaweza kukihesabu moja, mbili, tatu? Ukiweza, "many" na "few". Usipoweza, "much" na "little". Ugumu ni kwamba jibu la Kiingereza si lazima lilingane na jibu letu. Ngeli ya U inatusaidia, maana ushauri na ujuzi kwetu pia havina wingi wa kawaida, na kwao "advice" na "knowledge" havipokei "s". Wanaotudanganya ni wengine. Habari, mizigo, vifaa, samani, nywele, kazi, fedha, maziwa, mafuta, maji. Haya kwetu yanachukua vipatanishi vya wingi au yanahesabika, mizigo mitatu, habari mbili, na kwa Kiingereza yote hukaa katika umoja: "information", "luggage", "equipment", "furniture", "hair", "work", "money", "milk", "oil", "water". Yaandike maneno haya kumi ndani ya jalada la daftari lako. Nywele zake ni ndefu: "Her hair is long." Mizigo yako iko wapi? "Where is your luggage?" Ukitaka kuhesabu, hesabu chombo au kipande, kama tunavyofanya na chupa mbili za maji: "two bottles of water", "three pieces of luggage". Kamusi nzuri za wanafunzi wa Kiingereza huweka herufi C karibu na nomino inayohesabika na U karibu na isiyohesabika. Ukikutana na neno jipya, angalia herufi hiyo kabla ya kuangalia maana.

Sasa "few". Neno letu "vichache" linabeba maana mbili na sauti ndiyo inayozitenga. "Tuna vyumba vichache" unaweza kuwa unalalamika, unaweza kuwa unakaribisha. Kiingereza kinazitenga kwa herufi moja. "Few" ni vichache tu, havitoshi, pole. "A few" ni kadhaa, vipo, karibu. Ndiyo maana mgeni wako aliuliza kama hoteli imejaa: ulimwambia vyumba vinakaribia kwisha, na yeye akakuelewa sawasawa na ulivyoandika. Kipimo: jaribu kuweka "tu" baada ya "vichache", kisha jaribu "kadhaa". Ikikaa "tu", andika "few". Ikikaa "kadhaa", andika "a few". Kwa visivyohesabika ni vilevile, "little" na "a little".

Mengine nayapitia haraka. "Much" katika sentensi ya kukubali husikika kavu; "We have much water" si kosa kubwa lakini "a lot of water" ndiyo wanavyosema, na "a lot of" inakubali kila kitu, kinachohesabika na kisichohesabika. Iachie "much" kwenye maswali na ukanusho. "Kila" inaenda na umoja kwao kama kwetu: "every guest has". "Wageni wengi zaidi" kwa maana ya sehemu kubwa ya wageni wote ni "most guests" au "most of the guests", kamwe si "most of guests". "Any" ni ya kuuliza na kukanusha, "some" ni ya kukubali na ya kumpa mtu kitu: "Do we have any soap?" unamuuliza mwenzako, lakini mgeni unamwambia "Would you like some tea?" Na tafadhali, "too much" si "sana". Ni "mno", kupita kiasi. Mgeni akikuuliza kama unaupenda mji wako, usimjibu "too much" ila "very much".

Barua yako basi ingesomeka hivi: "We received your email yesterday. Your room has been prepared. When you arrive at the airport, our driver will be waiting for you. We have a few rooms with a view of the mountain. Please send us some more information about your flight."

Kuhusu ratiba, dakika 20 kwa siku zinakutosha. Kila jioni andika sentensi tano za Kiswahili kuhusu mambo yaliyotokea kazini siku hiyo, mambo ya kweli, kama vile ungemsimulia mama. Zitafsiri. Kisha zipitie mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja tu: mara ya kwanza vitenzi na nyakati zake kwa kipimo cha kukanusha, mara ya pili w, mara ya tatu maneno ya idadi. Ukitafuta yote kwa pamoja huoni hata moja. Nimeliona hili darasani mara nyingi kiasi kwamba sina shaka nalo.

Jumamosi fanya zoezi lenye uzito zaidi. Chukua aya fupi ya Kiingereza iliyoandikwa vizuri, kwa mfano barua ya uthibitisho kutoka hoteli nyingine. Itafsiri kwa Kiswahili. Funika ya Kiingereza siku mbili. Jumatatu irudishe tafsiri yako kwenye Kiingereza bila kuchungulia, halafu linganisha mstari kwa mstari. Pale mlipotofautiana ndipo penye funzo lako la wiki. Si mbinu ya jana: Roger Ascham, aliyemfundisha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliihimiza kwa wanafunzi wa Kilatini katika kitabu kilichotoka mwaka 1570. Waingereza wenyewe walijifunza lugha ngumu kwa njia hii, na sioni kwa nini isitufae sisi.

Uanze leo kwa sentensi hizi sita. Funika majibu kwanza.

Nimelipa jana jioni. Wageni wa chumba namba 7 bado wamelala. Nimeibiwa mkoba sokoni. Umeme umekatika, lakini jenereta linawashwa sasa hivi. Utakapoondoka, acha ufunguo mapokezi. Tuna maziwa kidogo, yanatosha kikombe kimoja.

Ya kwanza ni "I paid yesterday evening", kwa sababu ukikanusha unapata "sikulipa". Ya pili ni hali, kwa hiyo "The guests in room 7 are still asleep." Ya tatu, "My bag was stolen at the market." Ya nne ina umeme usio na w na jenereta lenye w: "The power has gone out, but the generator is being started." Ya tano, geuza kwanza iwe "ukiondoka": "When you leave, please leave the key at reception." Hiyo "please" nimeiongeza kwa makusudi, kwa maana adabu ambayo sisi tunaitia kwenye sauti, wao huitia kwenye neno. Ya sita ni "We have a little milk, enough for one cup." Maziwa kwetu ni wingi, kwao ni "milk" bila "s", na ukiidondosha ile "a", mgeni hataomba chai ya maziwa.

Baada ya wiki nne mwonyeshe bosi wako barua tano ulizoziandika na kuzipitia mara tatu kila moja. Na mimi nitumie mojawapo, ile iliyokusumbua zaidi.